Shangazi, shemeji yangu ni kansela na hela ya pampu haionekani

Shangazi salamu nyingi sana, natumai uko salama na watu wote wa kwako. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko kijiji kimoja upande wa Busia hapa Uganda, gombolola, kama kata hivi, sitaitaja manake huku watu wanasoma simu za wenzao kuliko wanavyosoma Biblia na Kurani. Naomba uniwekee jina la kujificha.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mzee wangu, ndo kansela wetu, wengine wanasema diwani, kule LC3, halmashauri ya gombolola. Wakati wa kampeni mimi nilizunguka naye sana, nikapikia watu wake, nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wamama wa kikundi chetu cha kuweka akiba nikawaambia huyu ni mtu wetu jameni tumpeni. Akapita, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Sasa pampu ya kisima chetu ikafa kabla ya Krismasi, unapiga ule mkono unapanda na kushuka maji hakuna, hewa tupu. Yeye mwenyewe akasimama kwenye matanga ya mzee fulani akasema kila nyumba itoe elfu tano, yeye ataongezea na gombolola itaongezea, pampu itengenezwe. Watu wakatoa. Wengine waliuza kuku ndo watoe. Mimi ndo niliandika majina kwenye kitabu cha shule cha binti yangu, nyumba kama 130 hivi, hela nikampelekea mkononi nikaona anazihesabu. Risiti hakuna, shemeji utamuombaje risiti?

Tangu siku hio ni stori tu. Leo fundi anangoja mabomba, kesho hela ya gombolola haijashuka kutoka Kampala, juzi akasema tumuulize mbunge yeye sio mbunge. Sisi tunachota kwenye kijito pamoja na ng'ombe, mwenye hela ananunua kwa boda jerikani moja shilingi 500. Wamama wa kikundi wameanza kuniangalia kwa pembeni, mmoja alinirushia maneno sokoni eti mimi na shemeji yangu tumekunywa pampu. Nilirudi nyumbani nikilia.

Mzee wangu anasema hayo mambo ya siasa niachane nayo, huyo ni kaka yake na tena ndo anamlipia binti yetu fizi, ada ya shule, yuko S.3, mwaka wa tatu sekondari. Ni kweli analipa. Na pia Shangazi nisiseme uongo, huyu mtu sio mbaya, kila matanga analeta gunia la posho, unga wa mahindi, harusi anachanga, mama akishikwa na uchungu usiku gari yake inatoka bila kuuliza mafuta. Vijana wanataka wamuanike Facebook. Jirani wetu mwalimu mstaafu anasema tusaini karatasi kansela na mbunge warudishwe nyumbani, yaani watolewe kabla ya muda wao kuisha. Mimi nimebaki katikati. Je ni mimi sina shukrani, na kama sio mimi, naanzia wapi?

Mama wa Pampu, Busia

SHANGAZI ANAJIBU

Mama wa Pampu, mimi nimezoea kuandikiwa habari za waume waliopotelea Juba na wake wenza wanaorushiana vyombo, leo LC3 imeingia jikoni kwangu, haya karibu. Na nikwambie tu barua kama yako sio ya kwanza, ila wengi wakiandika wanaficha kwamba mkubwa mwenyewe ni ndugu. Wewe umesema, kwa hio tunaweza kuongea.

Tuanze na hio ya shukrani manake naona ndo inakunyima usingizi. Posho ya matanga, mchango wa harusi, gari ya usiku, fizi ya binti, hizo zimetoka mfukoni kwake, mshukuru, mimi mwenyewe namshukuru. Elfu tano tano za nyumba 130 hazikutoka mfukoni kwake. Hio ni 650,000 ya watu, yeye alishikishwa tu. Sasa hapa kwetu tumezoea kupikia hivi vitu viwili kwenye sufuria moja, kiongozi akileta gunia la posho tunaona aibu kumuuliza habari ya hela yetu, na wao wamelijua hilo zamani ndo maana hakuna kansela wala mbunge anayekosa matanga. Hesabu yake ni rahisi, gunia la posho ni bei ndogo ukilinganisha na kile ambacho hakitaulizwa. Sisemi shemeji yako amefanya hivyo kwa makusudi, simjui. Nasema tu hakuna mahali ambapo kumuuliza mtu hela ya watu kunafuta wema wake.

Sasa, hela ziko za aina mbili kwenye stori yako na mnazichanganya, na yeye naona anafurahia mkizichanganya. Kuna hio 650,000 ya mkononi. Alafu kuna hio anaita "ya gombolola". Hio ya mkononi ni yeye peke yake anayejua iko wapi, haina uhusiano wowote na Kampala, haijawahi kufika Kampala na haitashuka kutoka Kampala. Akikwambia hela haijashuka muulize kwa upole, shemeji ipi, ile tuliyokupa au ile ya serikali?

Ya serikali nayo, kansela haishiki. Hapa ndo watu wengi wanapotea njia. Kansela kazi yake ni kukaa kwenye kikao cha LC3, kupitisha bajeti, kusukuma kijiji chake kiingie kwenye mpango na kurudi kuwaambia mmepata nini. Anayejibu kwa hela za gombolola, anayesaini malipo, ni mkuu wa gombolola, yule mtumishi wa serikali aliyeajiriwa sio aliyepigiwa kura. Kwa hio swali la "mwaka huu wa fedha kijiji chetu kimewekewa kitu kwa ajili ya pampu au hapana" linaenda ofisini kwake, na ofisi ya maji ya wilaya, manake matengenezo makubwa ya visima mara nyingi yanapangwa kule wilayani. Mwaka wa fedha kwetu unaanza tarehe 1 Julai. Kama hamkuwekwa kwenye mpango, basi hata shemeji akiapa kwa mababu zake hela haitashuka, hakuna kitu cha kushuka.

Nikupe stori moja ya kweli, na naomba uwasomee hao wamama wa kikundi. Miaka ya tisini mwanzoni serikali yetu ilikuwa inatuma hela za kila mwanafunzi kwa shule za msingi, kwenye vitabu vya Kampala hela inaonekana imetoka, shuleni chaki hakuna. Watafiti wakafuatilia hela ya 1991 mpaka 1995, wakakuta kwa wastani katika kila shilingi 100 iliyotumwa shule ilikuwa inaona 13 tu. Kumi na tatu! Zingine zilikuwa zinabaki njiani, sanasana kwenye ngazi ya wilaya. Unajua walifanya nini? Serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti wilaya gani imetumiwa kiasi gani, na shule zikaambiwa zibandike mlangoni kiasi walichopokea. Kufika 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya 80 katika ile 100. Kuna mambo mengine pia yaliyosaidia, elimu ya bure ilikuja 1997 na macho ya nchi yote yakawa kwenye shule, lakini angalia kile kitu chenyewe, ni karatasi kwenye mlango. Yule mzazi ambaye zamani alikuwa anamuuliza hedimasta "mbona shule haina vitabu" anajibiwa "serikali haijatuma", sasa anauliza "hio laki tatu iliyoandikwa hapa iko wapi", na hilo halijibiki na stori.

Ndo maana nakwambia usianze na nani amekula. Anza na ilikuwa kiasi gani. Na bahati yako wewe nusu ya kazi umeshaifanya bila kujua, una kitabu chenye majina! Kipige picha ukurasa kwa ukurasa, tuma kwa watu wawili unaowaamini, alafu hicho kitabu kifiche vizuri mbali na binti, wanafunzi wanachana karatasi.

Kingine ambacho vijiji vingi havikijui. Kuna sheria ya serikali za mitaa ya 1997. Kodi na ushuru ambao gombolola ya kijijini inakusanya, asilimia 35 inapanda wilayani, 65 inabaki gombololani, na katika hio inayobaki robo yake inatakiwa irudi chini kwa vijiji, kwa LC1, halmashauri ya kijiji. Ndio, mwenyekiti wenu wa LC1 anatakiwa aone kitu. Inaweza kuwa hela kidogo sana mpaka ucheke, inaweza kuwa haijafika miaka, lakini iulizeni. Nyie mnaolipa ushuru wa soko kila siku ya soko mkiweka vitenge na nyanya chini mnalipa kitu ambacho sehemu yake ni yenu. Nimeona watu wanapigana kwa ajili ya ile milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa kupeleka hela kwa maparishi, na wana haki, kila parishi, ile ngazi kati ya kijiji na gombolola, inawekewa milioni 100 kwa mwaka na majina ya waliopata hayatakiwi kuwa siri, lakini hii robo ya ushuru hakuna anayeitaja.

Haya sasa unaenda vipi. Wewe peke yako usiende, na usiende kwake nyumbani. Ukimuulizia sebuleni kwake wewe ni mke wa mdogo wake, utaletewa soda, utaulizwa watoto hawajambo, utatoka na ahadi. Hata kama una hoja nzuri namna gani, pale kiti chenyewe kimeshakushinda. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 umuombe aite mkutano wa kijiji. Kijiji kwa sheria kila mkaaji wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa hio halmashauri, sio wale kumi wa kamati tu, kwa hio hamuombi upendeleo. Lakini kabla ya mkutano mtafuteni fundi wa pampu, wengi wa hawa mafundi wa gombolola wako poa tu, aifungue aangalie, awaandikie ni nini kimeharibika na bei yake. Mara nyingi huku kwetu ni yale mabomba ya chuma yanakula kutu yanatoboka, wakati mwingine ni vipira tu vya bei ndogo. Ni aibu kijiji kuongea miezi yote hio kuhusu hela ya kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyejua kinataka shilingi ngapi.

Kwenye mkutano, kitabu kisomwe. Asiwe wewe wa kukisoma, mpe mwalimu mstaafu huyo, naona ana sauti na anatafuta kazi. Asome majina na hela, ajumlishe, alafu mwenyekiti amuulize kansela swali moja, hii hela iko wapi na pampu itatengenezwa lini. Mwandishi aandike jibu, watu wasaini, siku itajwe. Kama hela iko kwake ataitoa, watu wengi wakishaiona hesabu imesomwa hela huwa inapatikana haraka sana, hata ya kukopa. Kama aliitumia aseme ataileta kwa awamu, iandikwe. Na mumpe njia ya kurudi jameni, msimfunge kona zote, lengo ni maji.

Wakati huo huo andikeni barua kwa mkuu wa gombolola muombe kuona kilichopangwa na kilichotumika kwa maji upande wenu. Hii sio kuomba huruma, iko kwenye Katiba kifungu cha 41 na sheria ya kupata habari ya 2005, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Pelekeni kopi mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo. Usidharau huo muhuri! Barua isiyo na muhuri utaambiwa haijawahi kufika. Na mkisikia baraza la wananchi linafanyika kwenu, lile ambalo wakubwa wa wilaya wanakuja kueleza kazi zao mbele ya watu, msiende kupiga makofi tu na kungoja soda, mtu mmoja asimame na ile kopi.

Hao vijana wa Facebook waambie watulie kidogo. Kuuliza sio kosa, "tulitoa 650,000 tunaomba kujua iko wapi" ni swali. Ukiandika "mwizi huyu" na picha yake hapo umemhukumu bila ushahidi, na tuna ile sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, wakairekebisha tena 2022, watu wamepelekwa ndani kwa vitu walivyoandika. Isitoshe akishatukanwa yeye ndo anakuwa mwenye kuonewa, ukoo wote unasimama upande wake, stori ya pampu imeisha imebaki stori ya matusi.

Mwalimu wako naye mwambie hivi, kumrudisha mbunge nyumbani kwa kusaini, Katiba ya 1995 iliweka hio kitu kifungu cha 84, lakini walipoirekebisha 2005 tukirudi kwenye vyama vingi wakaandika kwamba haki hio inafanya kazi tu wakati wa mfumo wa movementi, ule usio na vyama. Kwa hio leo ni maneno mazuri yaliyolala kwenye kitabu. Mimi binafsi naona tuliibiwa hapo, lakini ndo hivyo. Ya kansela sikushauri muanzie huko, mtakimbizana na sahihi mwaka mzima na kijito kinakauka.

Mkikwama kabisa, amekataa mkutano, gombolola imekaa kimya, basi IGG, ofisi ya mkaguzi mkuu wa serikali inayopokea kesi za ufisadi. Wanapokea malalamiko hata kama hutaki jina lako litajwe. Kuna pia sheria ya 2010 ya kuwalinda wanaofichua, inasema hata hela ikirudishwa kwa sababu ya taarifa yako unapewa asilimia tano, ila kwa pampu ya kijiji usianze kuota bati jipya hahaha. Nisikudanganye pia, IGG ni mwendo mrefu na faili zao ni nyingi. Lakini usiamini wale wanaosema wakubwa hawaguswi, ile kesi ya mabati ya msaada ya Karamoja 2023 tuliona mawaziri wanasimama kizimbani kwa ajili ya mabati. Mawaziri. Kansela hawezi kusema yeye ni mkubwa kuliko hao.

Na kuna maneno machungu kidogo kwa kijiji chenu, sio kwako peke yako. Wanaume wanaokaa kwenye pombe ya malwa jioni wakivuta mirija wakisema kansela amekula, muulize kila mmoja, wakati wa kampeni ulichukua sukari na sabuni yake au hukuchukua? Mtu akinunua kura anajiona ameshamaliza deni. Hio haimpi ruhusa ya kushika hela ya pampu, hapana, lakini inaeleza kwa nini hana wasiwasi anapopita barabarani.

Sasa mzee wako na fizi ya binti, nimeiacha mwisho makusudi manake ndo ngumu. Anaweza kuacha kulipa, sitakuficha. Wapo wanaofanya hivyo na hawasemi sababu, unaona tu muhula umefika simu haishikwi. Kwa hio kabla hujaenda kwa mwenyekiti kaa na mzee wako usiku watoto wakilala, usimwambie "kaka yako mwizi", mwambie hivi, majina yaliyoandikwa kwenye hicho kitabu ni mwandiko wangu, siku watu wakichoka hawataenda kwa kansela mwenye gari wataanza na mimi sokoni, na wameshaanza. Yeye ni mume, atalisikia hilo kuliko siasa. Ongezea kwamba kaka mtu akisomewa hesabu na kijiji sasa hivi, hela ikarudi, jina la ukoo limepona, ila ikifika kwa IGG wataulizwa wote. Inawezekana kabisa mzee akaenda mwenyewe kumwambia kaka yake kimya kimya, bwana leta hio hela kabla ya mkutano. Kama itarudi kwa njia hio, pokeeni, muitangaze, pampu itengenezwe na risiti ya fundi isomwe mbele ya watu.

Na upande wa fizi, nenda kwa kikundi chako cha akiba sasa hivi, kabla ya muhula, uliza unaweza kukopa kiasi gani kwa nusu muhula, na nenda shuleni uongee na basa, mshika hela wa shule, kuhusu kulipa kidogo kidogo, S.3 bado una nafasi ya kupanga, ikifika S.4 na hela ya mtihani wa taifa wa UNEB ndo inabana. Usimwambie shemeji kwamba unajiandaa. Wale wamama wanaokuangalia kwa pembeni, anza nao, waite kabla ya mkutano wakae na kile kitabu mikononi mwao, kila mmoja atafute jina lake aone elfu tano yake imeandikwa, alafu muulize yule wa sokoni kama yuko tayari kusaini wa kwanza.